Vazi la Ngoma ni la Nani?

Katika darasa moja la itikadi lililofanyika Ruhuwiko, katika mji wa Songea, lilizuka swali ambalo halikuwamo katika ratiba. Darasa lilikuwa limepangwa kujadili nafasi ya utamaduni katika ujenzi wa taifa. Baada ya mhadhara, vijana wa kikundi cha ngoma waliokuwa wakijiandaa kwa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, ambayo hufanyika Songea kila Februari, walisimama wakaeleza shida yao. Walikuwa na fedha za kushonea vazi la aina moja tu. Wavae nini?

Kundi la kwanza lilitaka ngozi, manyoya na sketi za majani. Kwa kuwa ngozi ni ghali na majani hukauka, walikuwa tayari kuchana mifuko ya salfeti na kuitia rangi. Kundi la pili lilitaka kaptula nyeupe, shati jeupe na soksi ndefu, yaani vazi la mganda, ngoma ambayo babu zao waliicheza. Wa kwanza wakajibu kwamba kaptula ni kasumba: haiwezekani kuwakumbuka watu walionyongwa na Wajerumani kwa sare iliyoigwa kwa askari wa mkoloni. Kijana mwingine akasema kwamba sanaa iliyokomaa ina vazi moja lisilobadilika. Alitoa mfano wa baleti ya Ulaya, ambayo alikuwa ameitazama, na kile kisketi cheupe kinachosimama kiunoni kama sahani. Sisi, alisema, tunabishana kwa sababu hatuna vazi letu.

Mwisho alisimama mama mmoja, fundi cherehani. Aliuliza maswali mawili tu. Nani atazishona nguo hizo, na kwa kitambaa gani? Na je, mchezaji ataweza kuinama ndani yake?

Makala haya ni jaribio la kuwajibu ndugu hao. Hoja yetu ni moja. Vazi la mchezaji halikuanguka kutoka mbinguni, si Paris wala Songea. Ni matokeo ya historia: nani alitawala, nani alishona, kitambaa kilitoka wapi, na mwili wa mchezaji ulidaiwa kazi gani. Anayetaka kuchagua vazi bila kuyajua hayo atajikuta amechaguliwa na wengine.

VAZI LA MFALME

Tuanze na baleti, kwa sababu ndiyo iliyotolewa kuwa mfano wa vazi lisilobadilika. Ukweli ni kinyume.

Baleti ilianzia katika majumba ya makabaila wa Italia na Ufaransa. Mwaka 1581, katika ikulu ya Ufaransa, lilichezwa onyesho kubwa la dansi, nyimbo na mashairi kuadhimisha ndoa ya kikabaila. Mwaka 1653 mfalme Louis wa 14, akiwa kijana wa miaka 14, alicheza mwenyewe mbele ya watu wake akiwa amevaa vazi la dhahabu lenye miale: alicheza Jua. Maana ya vazi lile haikufichika. Kama jua lilivyo moja, na mtawala ni mmoja. Wengine wote wazunguke. Mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi ili kuweka kanuni za sanaa hiyo. Nguo za wachezaji zilikuwa nguo za ikulu zilizozidishwa mapambo: mawigi, vinyago, viatu vya visigino na magauni mazito yenye fremu ndani. Mwili ulikuwa chini ya nguo, na nguo ilikuwa chini ya mfalme.

Mabadiliko yaliletwa na wachezaji wenyewe, na hasa wanawake, kwa sababu ya mahitaji ya kazi yao. Katika karne ya 18 Marie Camargo alipunguza urefu wa gauni lake ili hatua zake za haraka zionekane. Mwenzake Marie Sallé alicheza London mwaka 1734 bila fremu wala nywele za bandia, akiwa amevaa kanzu nyepesi ya melimeli. Mwaka 1832 Marie Taglioni alicheza La Sylphide mjini Paris akiwa amevaa gauni jeupe jepesi lililoishia chini ya magoti, huku akisimama juu ya ncha za vidole. Gauni hilo ndilo mama wa kisketi alichokisema ndugu yetu. Lakini toleo fupi linalosimama halikuenea mpaka mwishoni mwa karne ya 19, pale miruko na mizunguko migumu ilipodai miguu ionekane yote. Basi lile “vazi la tangu zamani” ni la karne ya juzi, na umri wake hauzidi sana ule wa khanga, iliyoanza kuvaliwa Zanzibar na Mombasa katika miaka ya 1870 na 1880.

Je, mapinduzi yale ya nguo yalimkomboa mchezaji? Hapana. Mfalme alipoondoka, bepari aliketi katika kiti chake. Katika jumba la opera la Paris, wasichana wengi wa baleti walitoka katika familia za kimaskini. Matajiri waliolipia viti vya mwaka mzima walikuwa na ruhusa ya kuingia nyuma ya jukwaa na kuwatazama wasichana hao wakijiandaa, na wengi hawakuishia katika kutazama. Picha za mchoraji Degas zimewaonyesha wanaume wale wenye suti nyeusi wakiwa wamesimama pembeni. Weupe na wepesi wa nguo zile, uliowafanya wachezaji waonekane kama pepo wasio na uzito, ulikuwa ukiuzwa.

Na wepesi ule uliua. Jukwaa lilimulikwa kwa taa za gesi zenye miali wazi, na kitambaa kile kilishika moto kwa urahisi kama karatasi. Novemba 1862, katika mazoezi mjini Paris, nguo ya Emma Livry, kijana wa miaka 20, iligusa mwali. Aliungua vibaya, akateseka miezi minane, akafa Julai 1863. Dawa ya kuchovya nguo ili zisishike moto ilikuwa imekwisha kupatikana. Lakini nguo iliyochovywa ilikuwa ngumu na ilipoteza weupe wake, na wachezaji wengi, Livry akiwamo, waliikataa. Wako wanaosema kwamba alijitakia mwenyewe. Sisi tunauliza: nani aliyeamua kwamba mchezaji ambaye nguo yake si nyeupe wala si nyepesi hana soko? Aliyekataa dawa ni Livry, lakini masharti ya kazi yake hakuyaweka yeye.

KITAMBAA, VITA NA RANGI YA NGOZI

Katikati ya karne ya 20 vazi la baleti lilibadilika tena, na mara hii sababu zilikuwa vita na viwanda.

Vita Kuu ya Pili vilileta uhaba. Katika Marekani, viatu viligawiwa kwa kadi kuanzia mwaka 1943, lakini viatu laini vya baleti havikuwamo katika mgao. Mbunifu wa mavazi Claire McCardell akaviingiza katika mavazi ya kawaida, vikiwa vimetiwa soli ngumu na kampuni ya Capezio, na ndivyo kiatu cha mchezaji kilivyoshuka barabarani. Leo dada zetu wanaovaa viatu bapa vya wazi juu, kuanzia ofisini hadi sokoni, wanavaa kumbukumbu ya uhaba ule. Katika Uingereza, jumba la opera la Covent Garden lilipofunguliwa upya Februari 1946 kwa The Sleeping Beauty, mafundi walishona fahari ya kifalme wakati kila mwananchi alikuwa bado akinunua nguo kwa kuponi.

Mwaka 1947 Christian Dior alitoa Paris mtindo wa kiuno chembamba na sketi pana iliyojazwa vitambaa chini. Sketi ile ilifanana na gauni la Taglioni, na ilikula yadi nyingi katika bara ambalo watu wake walikuwa wakitia viraka. Iko sababu ya viongozi wa chama cha wafanyakazi cha Uingereza kuukemea mtindo huo hadharani. Hata hivyo ulisafiri. Katika miaka ya 1950 ulifika kwetu pamoja na magazeti, filamu na vitambaa vya dukani, na mafundi wa barazani wakaushona kwa cherehani za mguu. Wazee wetu wanaukumbuka kwa jina la nguo yake ya ndani: gagulo.

Wakati huo huo nailoni ilikuwa ikichukua nafasi ya nyavu za pamba. Mwaka 1950 Barbara Karinska, fundi mzaliwa wa Kharkiv aliyefanya kazi New York, alitengeneza kisketi kisicho na duara la waya ndani: tabaka fupi za neti zilizoshikizwa pamoja kwa mkono, zikibebana zenyewe. Sababu ilikuwa ya kikazi. Wachezaji wengi wakisimama karibu karibu, visketi vya waya hugongana na kuinuana. Alikata pia vitambaa vya kifua kwa mshazari ili mchezaji aweze kupumua. Mama fundi wa Ruhuwiko aliuliza swali lile lile. Hii ndiyo elimu ya fundi, na haipungui elimu ya mwandishi wa makala.

Jambo moja lilikawia kubadilika. Soksi ndefu na viatu vya baleti vilikuwa vya waridi, rangi iliyokusudiwa kufanana na ngozi ili mstari wa mguu usikatike. Lakini ngozi ya nani? Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi, alianzisha kundi la Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, na katika miaka ya 1970 wachezaji wake walianza kuvaa soksi na viatu vilivyotiwa rangi ya ngozi zao wenyewe. Miaka mingi wachezaji weusi walipaka viatu vyao rangi kwa mikono, usiku baada ya usiku. Ilifika mwaka 2018 ndipo kiwanda cha Freed cha London, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black, kilipoanza kuuza viatu vya ncha vya rangi ya kahawia. Kile kilichoitwa rangi ya kawaida kilikuwa rangi ya mwenye kiwanda.

Hili ndilo jibu la kwanza kwa ndugu yetu. Baleti haina vazi lisilobadilika. Ina historia ya mapambano juu ya vazi, kama sisi.

SARE MBILI ZA UNGONI

Sasa turudi nyumbani. Ruhuwiko ni mahali penye kambi ya jeshi na kiwanja cha ndege. Mtoto wa hapo anaijua sare ya askari kabla ya kujua kusoma. Pengine ndiyo sababu ubishi ule ulikuwa mkali, kwa kuwa ukiuangalia vizuri ulikuwa ubishi juu ya sare mbili za kijeshi.

Sare ya kwanza ni ile ya ngozi. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya karne ya 19. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na katikati ya karne makundi yao yalifika katika nchi ambayo leo ni Songea. Walikuwa taifa lililopangwa kijeshi, kwa vikosi vya rika. Ngao ya ngozi ya ng’ombe, mkuki mfupi, manyoya kichwani na ngozi kiunoni vilikuwa alama za kikosi. Watu waliokuwa wakiishi humu kabla yao, pamoja na mateka wa njiani, waliingizwa katika vikosi hivyo, na vijana wao wakalivaa vazi la mshindi mpaka likawa lao. Kwa hiyo vazi linaloitwa leo “la asili” lilikuwa, kwa mababu wa wengi waliomo katika darasa lile, vazi la kuletewa. Ngoma za wanaume kama ligihu zimebeba kumbukumbu ya vikosi hivyo.

Sare ya pili ni ile nyeupe. Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilianza katika milima ya Umatumbi, ambako watu waling’oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima. Tulitilie maanani hilo. Vita ambavyo vijana wetu wanataka kuvikumbuka kwa vazi, vilianza kwa kung’oa kitambaa shambani kabla hakijawa kitambaa. Katika Ungoni vita viliingia mwezi Septemba. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wengi walinyongwa Songea kwa siku moja. Na Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na mji ukabaki na jina lake. Kisha ikaja njaa, kwa kuwa askari wa mkoloni walichoma vyakula na mashamba.

Watu waliotoka katika maangamizi hayo walifanya nini na ngoma zao? Pwani, tangu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, ilikuwa imezuka ngoma ya beni, iliyochukua ngoma kubwa, paredi na vyeo vya jeshi la Wazungu. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo. Vilikuwa na wafalme, majenerali na madaktari wake. Vita Kuu ya Kwanza viliwazoa askari na wapagazi kwa maelfu, vikawachanganya, na waliorudi hai walirudi na beni. Katika nchi ya Ziwa Nyasa, upande wetu na upande wa Malawi, mchanganyiko huo ulizaa ngoma za mistari kama mganda na malipenga: ngoma kubwa, vibuyu vinavyopulizwa kama tarumbeta, wanaume katika safu, hatua za gwaride zilizolegezwa mpaka zikawa dansi, kaptula na mashati yaliyonyooshwa kwa pasi.

Je, hii ni kasumba? Ndugu wa kundi la kwanza wangesema: nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hiyo ni ya kweli kwa mtu anayeazima ili ajifiche. Lakini wachezaji wa mganda hawakujificha. Mkoloni aliitumia sare kumwamuru Mwafrika abebe mzigo asioujua kwenda vitani asikovijua. Mcheza mganda aliivaa sare ile ile bila bwana juu yake. Jemadari wake alichaguliwa na wenzake, amri ilikuwa ya furaha, na kijiji kilichoshindwa kiliandaa marudiano, si mazishi. Serikali ya Kiingereza iliiangalia beni kwa wasiwasi, na wamisionari wengi waliichukia. Vyombo vya ukoloni havikuwa na kawaida ya kuogopa kasumba. Waliogopa kwa sababu waliona Waafrika wakijipanga, wakichanga fedha na kutoa vyeo bila kuomba ruhusa.

Hatusemi kwamba beni ilikuwa chama cha ukombozi. Kutamani cheo cha bwana si sawa na kuuondoa ubwana, na fedha nyingi ziliteketea katika mashindano ya fahari. Tunasema kwamba ndani ya vazi moja mlikuwamo mambo mawili yanayopingana, na kazi yetu ni kuyachambua.

SARE YA KINA MAMA

Mfano ulio bora zaidi tunaupata kwa wanawake. Katika miji ya pwani kina mama walikuwa na vyama vya lelemama na ngoma nyingine, na kila chama kilikuwa na sare: khanga za doti moja, gauni la mshono mmoja, wakati mwingine vazi la kushangaza lililobuniwa ili kuwapiku wapinzani. Sare ilichangwa na wote. Asiye na uwezo alikopeshwa na wenzake. Kumbe chama kilikuwa pia benki, bima na mahali pa kusaidiana msibani.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 haikuwa na wanawake wengi. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba mjini Dar es Salaam, alipewa kazi ya kuwaandikisha. Hakuanza na mitaa mitupu. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na kupitia kwao akina mama waliingia chama kwa maelfu. Walikuwa wamekwisha kuzoea kuitana, kuchanga, kutii ratiba na kusimama pamoja wakiwa wamevaa nguo moja. Neno letu la “kujifunga kibwebwe” linatoka hapo: kitambaa anachojifunga mcheza ngoma kiunoni ndicho alichojifunga mkombozi. Kada anayewaona wachezaji wa ngoma kuwa pambo la kusubirisha mgeni rasmi hajaijua historia ya Chama chake.

Upande wa mijini kulikuwa na dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz Band mwaka 1944, na baada ya Vita Kuu ya Pili rumba na chacha ziliingia katika kila mji wenye umeme na hata usiokuwa nao. Wanaume walivaa suti na tai, wanawake magauni ya gagulo. Karani aliyeitwa “boi” mchana alikuwa bwana aliyenyooka usiku wa Jumamosi. Haja ile ya heshima ilikuwa ya kweli, ingawa dawa yake ilinunuliwa dukani.

MAKOSA YETU WENYEWE

Baada ya uhuru suala la vazi likawa la taifa. Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na akasikitika kwamba wasomi wetu walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao. Katika miaka hiyo kiliundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Hatukuwa peke yetu. Guinea ilikuwa na Les Ballets Africains, kundi lililoanzishwa Paris mwaka 1952 na Keita Fodéba, ambalo lilichukua neno la Wafaransa likalitia ngoma za Afrika. Lilipofika New York mwaka 1959, mabishano makali yalizuka kwa kuwa wachezaji wake wa kike walicheza vifua wazi, kana kwamba kisketi cha Paris hakikuwa kimeuza miguu ya wasichana kwa karne nzima.

Kazi ile ya kitaifa ilileta manufaa makubwa. Mmakonde, Msukuma na Mngoni waliziona ngoma zao katika jukwaa moja na kuheshimiana. Lakini jukwaa lina sheria zake. Ngoma ya duara iliyochezwa usiku kucha ilinyooshwa ikawa safu ya dakika kumi, na vazi likawa sare itakayoonekana kutoka viti vya nyuma. Taratibu tukaanza kuamini kwamba kila ngoma ya Kiafrika ina sketi ya majani.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la amri. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita minisketi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Vita dhidi ya krimu zenye sumu vilikuwa vya haki. Lakini hata kabla ya tarehe ile, Oktoba 1968, makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake Kariakoo na kuwachania nguo, mpaka polisi wakaingilia. Wasomaji wa magazeti ya wakati ule waliuliza swali ambalo halikupata jibu la kutosha: kama minisketi ni ya kigeni, suti ya kiongozi ni ya wapi? Na katika miaka hiyo hiyo, huku msichana wa mjini akiambiwa vazi lake si la Kiafrika, Mmasai alikuwa akilazimishwa avue rubega yake avae suruali, kwa kuwa vazi lake lilikuwa la Kiafrika mno.

Makosa haya mawili yana mzizi mmoja. Tulilitazama vazi tukamsahau mvaaji. Tulidhani utamaduni ni orodha ya nguo zinazoruhusiwa, na mzigo wa orodha ile ukawaangukia wanawake na wachungaji, wasiokuwamo katika kamati zilizoiandika. Kujikosoa ni silaha ya Chama. Isitumike kwa makosa ya wengine tu.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Basi vijana wa Ruhuwiko wavae nini? Hatutawaandikia amri, kwa sababu tuliyoieleza. Tunawapa maswali matatu, wayajibu katika kikao chao.

Swali la kwanza: vazi hili lilivaliwa na nani, lini, na kwa nini? Wakichagua ngozi na manyoya, waseme wazi mbele ya watazamaji kwamba ni sare ya vikosi vya Wangoni, na wataje pia watu walioingizwa katika vikosi hivyo. Wakichagua vazi jeupe la mganda, waeleze kwamba ni vazi la waliobaki, watoto wa walionyongwa, waliochukua sare ya mshindi wakaifanya ya mchezo wao. Vyote viwili ni kumbukumbu halali ya mwaka 1906, na wazee wenye masimulizi wangalipo. Makumbusho ya Majimaji yako mjini hapo hapo. Lakini salfeti iliyochanwa haina la kusimulia. Hakuna shujaa aliyekwenda vitani nayo. Huo ni utalii tunaojifanyia wenyewe.

Swali la pili: vazi linaufanyia nini mwili wa mchezaji? Linamruhusu kuinama, kuruka na kupumua? Linamhifadhi, au linamweka sokoni? Mchezaji wa kike aulizwe kwanza, na jibu lake liwe na uzito. Tusisubiri kwetu atokee Emma Livry ndipo tujue kwamba uzuri wa jukwaa hauzidi thamani ya mtu.

Swali la tatu ni lile la mama fundi: nani atashona, na kwa kitambaa gani? Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na nchi ikaanza kuvaa pamba yake kwa wingi. Baadaye viwanda vyetu vingi vya nguo vilidhoofika, na mitumba na vitambaa vya plastiki vikajaza soko. Kikundi kinachonunua mavazi yaliyoshonwa mbali, kisha kinapanda jukwaani kuimba juu ya kujitegemea, kimejipinga chenyewe kabla hakijaimba. Mafundi wapo Songea. Walipwe wao, tena walipwe kabla ya siku ya sherehe, si kwa ahadi.

Katika darasa lile wazee walikumbusha kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, lakini methali hiyo inatudai sisi pia. Kutunza si kubandika noti kwenye paji la uso la mchezaji mbele ya kamera. Ni kumjua anacheza nini, kumvisha nguo inayomstahi, na kumlipa aliyeishona. Kila tawi lenye kikundi cha ngoma lifanye darasa kama lile la Ruhuwiko kabla ya kitambaa kukatwa, na fundi cherehani aketi mezani pamoja na makada. Mkasi ukishapita, mjadala umekwisha.